Picha Nzuri Isituharibie Shingo na Macho

Katika familia zetu wapo vijana wanaojipatia riziki kwa kupiga picha za arusi, ubatizo na mahafali. Kupiga picha huisha siku hiyohiyo, lakini kuzirekebisha kwenye laptopu huendelea hadi usiku wa manane. Baada ya miezi kadhaa huanza malalamiko: shingo inauma, mabega yamekaza, macho yanawasha. Wengine humeza vidonge vya maumivu kila siku, kumbe chanzo kipo mezani.

Chanzo hicho ni nini? Katika laptopu, skrini na kibodi vimeshikamana. Ukiiweka chini ili mikono itulie, kichwa kinainama. Ukiinyanyua ili kichwa kinyooke, mikono inachoka. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 5 hivi, na kadiri kinavyoinama ndivyo misuli ya shingo inavyozidi kuelemewa. Macho nayo, tukikazia skrini, tunapepesa mara chache kuliko kawaida, hivyo yanakauka.

Njia nzuri ni kuiunganisha laptopu na skrini ya pili kwa waya, kisha kutumia kibodi na mausi za pembeni. Tuzingatie haya:

1. Ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho au chini yake kidogo.

2. Skrini ikae mbele yako moja kwa moja, umbali wa sentimita 50 hadi 70.

3. Dirisha liwe ubavuni, si mbele yako wala mgongoni.

4. Punguza mwangaza. Skrini nyingi mpya hung'aa mno. Zaidi ya kuchosha macho, mng'ao huo hudanganya: picha huonekana ina mwanga wa kutosha, na ikichapishwa, sura za watu hutoka zimefifia gizani. Shika karatasi nyeupe kando ya skrini; ikiwa skrini inawaka kama taa kuliko karatasi, punguza tena.

5. Kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20, huku ukipepesa. Kila saa simama, unyooshe viungo.

Je, asiye na fedha za skrini ya pili afanyeje? Ainue laptopu juu ya vitabu au kisanduku imara, kisha achomeke kibodi na mausi. Shingo itapata nafuu ileile.

Lakini mkono ukifa ganzi au kukosa nguvu, au macho yakipoteza nuru ghafla, usingoje. Nenda hospitali mara moja.

Wazazi, kijana akiomba meza na kiti cha kufanyia kazi, tusidhani anataka anasa. Kinga ni bora kuliko tiba, na shingo aliyonayo ni hiyo moja tu.