Tochi, pawabenki na namba za kwenye boksi: soko la vifaa vya kielektroniki Tarime na Serengeti

Katika vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kama Robanda, Park Nyigoti, Bonchugu na Merenga, kifaa cha kielektroniki kinachohitaji kuchaguliwa kwa makini kuliko vyote ni tochi. Tembo huingia mashambani usiku mahindi yanapokaribia kukomaa, na mwenye shamba hukesha na debe la kupiga, honi na mwanga mkali. Tochi ikififia saa nane za usiku, jasho la msimu mzima linaweza kuliwa kabla ya alfajiri. Mkulima anayeingia dukani Mugumu kununua tochi ananunua kinga ya chakula cha watoto wake, na ana haki ya kupewa kitu kinachofanya kile kilichoandikwa kwenye boksi.

Hapo ndipo biashara hii inapoumiza watu. Mimi napenda vifaa. Nikikuta chaji mpya mezani naigeuza nisome maandishi madogo ya nyuma kabla sijauliza bei. Na kwa kadiri ninavyolitazama soko la wilaya za Tarime na Serengeti, wanunuzi wetu hawapotezi fedha nyingi kwenye simu. Wanazipoteza kwenye vidogo vinavyoizunguka: betri, chaji, waya, pawabenki, spika. Simu ina chapa, ina namba yake ya utambulisho, na ina mafundi wanaoijua nje ndani. Betri ya tochi ina karatasi ya rangi iliyozungushiwa, na karatasi inakubali kuandikwa chochote.

Chukua betri ya lithiamu ya mviringo ambayo mafundi huiita kwa namba yake, 18650, yaani kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Ndiyo iliyomo kwenye tochi nyingi za kuchaji, kwenye spika ndogo na kwenye pawabenki nyingi. Watengenezaji wakubwa kama Panasonic, Samsung na LG, pamoja na maabara zao zote, kwa ukubwa huo wamefika mAh 3,500 hivi. Mezani kwetu utaikuta imeandikwa 6,800, 8,800, hata 9,900. Hakuna betri ya umbo hilo inayofika hata nusu ya 9,900. Nyingi za hizo zenye namba za kutisha zikipimwa hutoa elfu moja na kidogo, na nyingine zikipasuliwa hukutwa na betri ndogo katikati, pembeni zimejazwa unga ili mkono usishtuke.

Hata hivyo uzito haudanganyiki kirahisi. Betri ya 18650 iliyo kamili ina gramu 45 hivi. Feki mara nyingi huishia 30 au chini yake. Tarime ni nchi ya dhahabu, na mizani midogo ya kupima gramu haikosekani. Mizani ileile inayompimia mchimbaji mdogo vumbi lake inatosha kabisa kuiumbua betri ya uongo kabla noti haijatoka mfukoni. Mwenye duka akiiweka juu ya kaunta, betri moja nzuri na moja mbaya kwa pamoja, atakuwa amemfundisha mteja jambo ambalo tangazo la redio halitamfundisha kwa mwezi mzima.

Kizazi cha wazazi wetu hakikuwa na tabu hii. Betri kavu za redio na tochi zilitoka viwandani Afrika Mashariki hapa hapa: Dar es Salaam kulikuwa na kiwanda cha Matsushita kilichoanzishwa mwaka 1966, kikitoa redio na betri za National, na ng'ambo ya mpaka kulikuwa na Eveready ya Nakuru, betri ya paka, iliyofunga kiwanda chake mwaka 2014. Betri ikiisha mapema, lawama ilijulikana pa kupelekwa. Leo betri imepita mikononi mwa watu wengi kutoka Guangzhou hadi kibanda cha Sirari mpakani, na ukiuliza nani anawajibika kila mmoja anamwonyesha aliye nyuma yake.

Pawabenki ndiyo imenikera zaidi, kwa sababu inanunuliwa na watu wenye haja ya kweli: dereva wa watalii anayelala kambini, mlinzi wa lindo la usiku, mwalimu aliye kwenye shule isiyo na umeme, mama wakala wa fedha za simu ambaye simu ikizima na duka limefungwa. Hesabu yake ni rahisi. Namba ya mAh kwenye boksi huhesabiwa kwa volti 3.7 za betri iliyo ndani, wakati simu inachajiwa kwa volti 5 na kuendelea. Pawabenki ya kweli ya mAh 20,000 ina Wh 74. Ukibadilisha volti na kutoa umeme unaopotea kwa joto, simu itapokea kitu kama 12,000 au 13,000. Huo si wizi, ndivyo fizikia ilivyo, na muuzaji mwaminifu humweleza mteja mapema. Wizi ni ile iliyoandikwa 50,000 halafu inaingia mfuko wa shati. Pawabenki ya 10,000 iliyo halali ina gramu 200 hivi. Ya 50,000 ingekuwa inakaribia kilo nzima. Tena mashirika ya ndege hayaruhusu abiria kubeba inayozidi Wh 100 bila kibali, kwa hiyo mtalii anayeshukia uwanja mdogo wa Kogatende au Fort Ikoma hatabeba dude kama hilo hata angekuwa nalo.

Spika nazo zina uongo wa ukoo huohuo. Sabufa ni bidhaa inayopendwa sana Nyamongo, ambako mgodi wa North Mara na wachimbaji wadogo waliouzunguka huingiza fedha mitaani, na inapendwa kila mahali Desemba inapofika na shughuli za tohara kwa Wakurya, nyumba zikijaa wageni na nyimbo za iritungu, ala ya nyuzi ya Wakurya, zikipigwa kutoka kwenye flashi. Boksi linasema wati 8,000 au 10,000 za PMPO. Geuza kifaa, tafuta kibandiko kidogo karibu na waya wa umeme: mara nyingi kinasema kinakula wati 40 au 60. Hakuna spika inayotoa wati nyingi kuliko inazokula. Kibandiko hicho cha nyuma ndicho cha kuaminiwa, na mwenye sola anapaswa kukisoma kabla ya kitu kingine chochote, maana ndicho kitakachoamua kama betri yake ya nyumbani itafika asubuhi.

Bidhaa hizi hufika kwa njia mbili. Ya kwanza ni ndefu: Kariakoo, Mwanza, Musoma, ndipo Tarime na Mugumu. Ya pili ni fupi: Luthuli Avenue jijini Nairobi, Kisii, Migori, Isebania, kisha unavuka barabara uko Sirari. Wafanyabiashara wadogo wengi huvutiwa na ya pili, na wengi huamini kwamba kwa kuwa Tanzania na Kenya zote zimo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo mdogo unapita bure. Ukweli ni kwamba utaratibu rahisi wa forodha kwa wafanyabiashara wadogo, wenye kikomo cha dola 2,000 za Marekani kwa mzigo, unahusu bidhaa zilizozalishwa ndani ya jumuiya. Mahindi yanaingia humo. Sufuria za kiwanda cha Kenya zinaingia. Chaji iliyotengenezwa Shenzhen na kununuliwa Nairobi haiingii, na inatozwa kama mzigo wa kutoka nje.

Asiyelijua hili hushtukia kwenye kaunta ya forodha, na akishashtuka mara moja, safari inayofuata anapakia kwenye bodaboda na kupita njia za panya. Hasara yake huanza hapo. Mzigo hauna risiti, hivyo hawezi kurudisha ulioharibika. Hauna uhalali, hivyo ukikamatwa mtaji wote umekwenda. Naye akijua hayo huchukua vitu vya bei ya chini kabisa ili hatari isimuume sana, na ndiyo maana meza nyingi za mpakani zimejaa waya unaokatika shingo kabla ya wiki mbili kuisha. Nasema kwa moyo mweupe: ofisi za Sirari zingebandika ukutani, kwa Kiswahili kinachosomeka, orodha ya vitu vinavyostahili na visivyostahili, wafanyabiashara wadogo wangeokoa fedha nyingi.

Kuhusu simu zenyewe, maneno yangu ni machache kwa sababu soko limeshaamua. Tecno, Itel na Infinix zote ni za kampuni moja, Transsion ya Shenzhen, iliyoanzishwa 2006 na kuingia soko la hisa la Shanghai mwaka 2019. Vifaa vya Oraimo navyo ni vyao. Walikuja na laini mbili, betri kubwa na tochi juu, vitu vitatu ambavyo mtu wa Sirari angeviomba mwenyewe: laini moja ya Tanzania, nyingine ya Safaricom ya Kenya, na tangu 2015 fedha za M-Pesa hutumwa kati ya Vodacom Tanzania na Safaricom bila mtu kuvuka mpaka. Wazo la tochi walilikuta sokoni. Nokia 1100 ya mwaka 2003 ilikuwa nayo, na iliuza zaidi ya milioni 200 duniani. Kwa mkulima wa Merenga bado naona simu ya kitochi ni kifaa bora kuliko simu janja ya bei ya chini yenye betri iliyochoka. Mwenye uwezo awe navyo vyote viwili.

Walio karibu na mpaka wana jambo lao. Simu ikiwa katikati ya minara ya nchi mbili huhangaika kutafuta mtandao na kumaliza chaji upesi. Ingia kwenye mipangilio, zima uchaguzi wa mtandao wa kujiendesha, chagua mtandao wako mwenyewe. Mtu anaweza kununua betri mpya bure, kumbe ugonjwa ulikuwa huo.

Simu za mitumba zinahitaji jicho kali zaidi. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizima simu bandia nchini kote, na tangu hapo watu wamezoea kubonyeza *#06# na kutuma namba kwenda 15090. Hilo linakamata namba feki. Halikamati deni. Kenya, simu za mkopo zimeenea, Safaricom ikiwa imeanza Lipa Mdogo Mdogo mwaka 2020 kwa shilingi 20 za Kenya kwa siku, na M-KOPA nayo ikiuza kwa mtindo huo. Simu ya namna hiyo ikiuzwa upande wetu kwa bei ya kutamanisha kisha malipo yakasimama, mfumo huifunga popote ilipo. Fundi anayeahidi kuifungua anauza matumaini. Kabla ya kulipa, iwashe, iunganishe na intaneti, isubiri kidogo, tazama kama kuna programu ya mkopeshaji isiyofutika.

Serikali nayo imejaribu kuingilia bei. Mwaka wa fedha 2021/22 iliondoa VAT ya asilimia 18 kwenye simu janja, vishikwambi na modemu, na mwaka uliofuata ikaufuta msamaha huo kwa hoja kwamba haukumfikia mlaji. Naielewa hoja hiyo, ingawa nasikitika. Simu janja wilayani Serengeti ina kazi nzito. Shirika la Hope for Girls and Women, lenye nyumba salama Mugumu, hufanya kazi na watu wa vijijini wanaotumia simu janja kutoa taarifa za wasichana walio hatarini kukeketwa, na ramani za Crowd2Map, mradi ulioanza 2015, zimesaidia kuvifikia vijiji ambavyo kwenye ramani za kawaida palikuwa patupu. Msichana anayekimbia usiku anategemea simu ya mtu mwingine iwe na chaji. Nikifikiria hilo, pawabenki ya uongo hainichekeshi hata kidogo.

Faida ya kweli katika biashara hii naiona kwa mafundi. Fundi mzuri wa Tarime hubadilisha kioo, tundu la chaji na betri, na sehemu ya tundu la chaji ndiyo inayomlisha kila siku, kwa sababu ya vumbi na waya duni unaolegea. Waya wa pini mpya inayoingia pande zote mbili umepunguza kidogo kazi hiyo. Umoja wa Ulaya uliulazimisha kwa simu mpya tangu Desemba 2024, Apple waliukubali mwaka mmoja kabla, na sasa waya mmoja unachaji simu ya mtalii na ya dereva wake. Kwa mwenye duka la Mugumu maana yake ni kupunguza aina za waya anazoweka na kununua nyaya chache nene zenye shaba ya kutosha. Kipimo kidogo cha USB kinachoonyesha volti na ampea kinatosha kumwonyesha mteja waya upi unapitisha umeme na upi unaupoteza njiani.

Limebaki suala moja ambalo wafanyabiashara wa Sirari wanalifuatilia. Oktoba 2023 kiwanda cha kuunganisha simu kilifunguliwa Athi River, Kenya, simu zake za kwanza zikitangazwa kwa shilingi 7,499 za huko. Wengi wanadhani simu hizo, kwa kuwa zimefungwa ndani ya jumuiya, zitapita kwa cheti cha uasilia. Kanuni za mwaka 2015 hazikubali kuunganisha kwa kawaida tu kwamba kunatosha. Lazima kazi au thamani iliyoongezwa ifike kiwango kilichowekwa. Anayetaka kuziagiza aombe cheti kutoka kwa muuzaji kabla ya kulipa, na akiambiwa hakipo, aipigie hesabu simu hiyo pamoja na ushuru kama anavyoipigia ile ya Shenzhen.