Je, Wajua? Turufu ilitoka Roma

Neno *turufu*, analolitamka kila mcheza karata anapotupa karata ya kushinda nyingine zote, chimbuko lake ni Kilatini: *triumphus*. Hayo yalikuwa maandamano ya jemadari wa Roma aliyerudi na ushindi. Alipanda gari la farasi wanne, uso umepakwa rangi nyekundu, kichwani taji la majani, mateka wakitangulia mbele, hadi hekalu la Jupiter.

Waitalia wa karne ya 15 waliziita *trionfi* karata zilizozidi nyingine nguvu. Wareno wakasema *trunfo*, na wao, waliofika pwani yetu mwaka 1498, ndio waliotuachia neno hilo pamoja na jamaa zake wa mezani: *kopa*, *shupaza*, *uru* na *pao*. Uru ni *ouro* ya Kireno, yaani dhahabu, kutoka *aurum* ya Kilatini. Urithi mzuri kweli!

Leo turufu imehamia kwenye siasa. Marekani, China, Urusi, Uingereza na Ufaransa ndizo nchi tano zenye kura ya turufu katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa.