UZI: "Watoto wetu werevu wanafungiwa nje ya shule zilizo kwetu"

Hoja hii mmeisikia. Mimi nimeisikia matangani, nikaisikia tena kwa steji ya boda hapa Kanduyi, na uchaguzi wa 2027 ukikaribia tutaisikia mpaka tuchoke. Mheshimiwa anashika maikrofoni: Kamusinga iko Bungoma, Lugulu iko Bungoma, mbona watoto wetu hawaingii? Makofi. Ngoja niieleze polepole, maana nusu yake ni kweli.

Kundi la kwanza la Gredi ya 10 liliingia Januari 2026. Alama zao zilitoka mahali patatu: KJSEA asilimia 60, mtihani wa Gredi ya 6 asilimia 20, kazi za darasani asilimia 20. Wakiwa Gredi ya 9 kila mmoja alijaza shule 12: tisa za bweni, tatu za kutwa karibu na nyumbani. Sasa shika hii. Kati ya zile tisa za bweni, tatu tu ndizo za kaunti yako. Sita ni za nje.

Yaani mpango wenyewe umeundwa kupeleka watoto mbali na kwao. Hakuna aliyeiba. Kama huitaki kanuni hiyo, ipinge, ni haki yako, lakini usimlaumu mtoto wa Garissa aliyepangiwa shule huku. Na ukiifuta, yule wa Kanduyi aliyeitwa Alliance au Mang'u naye arudi nyumbani. Hiyo sehemu jukwaani hairukwi kwa bahati mbaya.

Jirani yangu mmoja, kijana wake alipita vizuri sana, akaitwa shule ya kutwa. Mama akaamini nafasi imeuzwa. Siwezi kuapa kwamba nafasi haziuzwi, sote tumesikia habari za "chai". Lakini tulipokaa na fomu yake, shule tatu za kaunti alizojaza ni yale majina makubwa ambayo kila mtu amejaza. Vitanda vina idadi. Mtoto ana alama, na walio mbele yake kwenye foleni wana alama pia.

Aliomba kubadilishiwa dirisha lilipofunguliwa. Hakupata. Siku hizo hizo akapigiwa simu na mtu asiyemjua: tuma kitu kidogo nikushughulikie. Bana, usitume.

Halafu karo. Shule ya bweni ya daraja la juu ni shilingi 53,554 kwa mwaka, kabla ya godoro, sanduku na nauli. Kuna watoto huku walioitwa huko na barua ikabaki kwa droo. Hapa ndipo mbunge ana mkono wa moja kwa moja, kwa sababu bursari za NG-CDF zinapitia eneobunge. Kwa hiyo akimaliza kulia juu ya Kamusinga, muulize: orodha ya waliopewa bursari iko wapi, na kila mmoja alipewa ngapi?

Kitu kingine ambacho wazazi hawapendi kusikia. Watafiti wawili, Adrienne Lucas na Isaac Mbiti, walichapisha mwaka 2014 utafiti juu ya shule zetu za kitaifa, enzi zile zikiwa 18 tu. Walilinganisha waliopenya kwa alama chache na waliokosa kwa alama chache. Kwenye KCSE hawakuona ushahidi wa maana kwamba waliopenya walifanya vizuri zaidi. Sisemi shule hizo ni bure. Kufahamiana na watu kuna faida yake, na mtihani haupimi hiyo. Ila zinang'aa kwa sehemu kubwa kwa sababu zinapokea watoto ambao tayari wanang'aa.

Kijana wa jirani yangu sasa anatembea kwenda shule yake ya kutwa. Yuko mkondo wa sayansi. Maabara ni moja, na mwalimu wa fizikia walimpata mwezi wa pili. Sijasikia mheshimiwa yeyote akilizungumzia hilo matangani.