Simu Imeshushwa, Ajali Je?

Tarehe 1 Novemba 2001, New York lilikuwa jimbo la kwanza Marekani kumpiga marufuku dereva kuongea na simu aliyoishika mkononi gari likiwa linatembea. Watafiti walikuwa wamekwisha kusimama barabarani kabla ya siku hiyo, wakihesabu. Katika kila madereva 1,000, waliokuwa na simu mkononi walikuwa 23. Miezi michache baada ya sheria kuanza, wakabaki 11. Walipohesabu tena Machi 2003, wakawakuta 21.

Wengi huishia hapo na kusema sheria imeshindwa. Mimi nadhani tunaipima kwa mizani isiyo yake.

Tuanze na hatari yenyewe. Mwaka 1997, watafiti Redelmeier na Tibshirani walichunguza madereva 699 wa Toronto, Kanada, waliokuwa na simu na waliopata ajali, wakaoanisha kumbukumbu za simu hizo na saa ya ajali. Kila dereva alilinganishwa na yeye mwenyewe: dakika chache kabla ya kugonga, na muda kama huo siku nyingine alipofika salama. Hivyo huwezi kudai kwamba wanaopenda simu ni wazembe tangu kuzaliwa. Jibu lilikuwa kwamba simu iliongeza uwezekano wa ajali takriban mara nne. Mwaka 2005, utafiti wa Perth, Australia, ulipata mara nne zilezile.

Sasa fanya nami hesabu ya mezani. Wale 23 wa New York, kila mmoja mhesabu kama watu wanne, maana hatari yake ni mara nne: wanakuwa 92. Ongeza wengine 977, unapata 1,069. Baada ya sheria, 11 wanakuwa 44. Ongeza 989, unapata 1,033. Ajali zimepungua kwa takriban 3 katika kila 100, tena sheria ikiwa bado moto. Punguzo la namna hiyo humezwa kirahisi na mwaka wa mvua nyingi, au na petroli iliyopanda bei watu wakaacha magari nyumbani. Aliyetarajia wodi za majeruhi zibaki tupu hakupiga hesabu. Lakini 3 katika 100, kwa jimbo zima, ni watu.

Hata hiyo 3 ina sharti: aliyeshusha simu awe ameacha kuongea. Hapo ndipo pagumu. Toronto na Perth zote ziliona kwamba waliotumia vifaa visivyoshikwa mkononi hawakuwa salama zaidi ya walioshika. Huko Utah, Marekani, mtafiti David Strayer na wenzake waliwaweka watu kwenye mitambo ya kuigiza udereva na kufuatilia macho yao. Waliokuwa wakiongea na simu waliyaelekeza macho kwenye vitu vya kando ya barabara, lakini walipoulizwa baadaye, mara nyingi hawakukumbuka kuviona. Abiria aliyekaa pembeni yako ni tofauti, kwa sababu naye anaiona barabara: lori likikata mbele, ananyamaza. Mtu wa kwenye simu anaendelea tu na habari za shamba.

Kwa hiyo sheria iliukamata mkono, na kichwa kikapita. Haishangazi kwamba taasisi ya takwimu za bima nchini Marekani, HLDI, ilipochunguza madai ya bima katika majimbo yenye marufuku ya kushika simu, haikuona yakipungua.

Kuchati ni jambo jingine. Hapo macho nayo yanaondoka. Katika utafiti wa chuo kikuu cha Virginia Tech, Marekani, uliofunga kamera kwenye malori, dereva anayeandika ujumbe aliangalia pembeni takriban sekunde 4.6 katika kila 6. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, hizo ni mita 100 za kuendesha bila kuona. Hata hivyo, HLDI ilipopima marufuku ya ujumbe katika majimbo manne mwaka 2010, katika matatu madai yaliongezeka kidogo. Maelezo iliyotoa yanaaminika: dereva hakuacha, aliishusha simu mapajani ili askari asimwone, macho yakashuka nayo.

Kinachobadilisha tabia ni hofu ya kukamatwa. Kila aliyewahi kuwashiwa taa na gari linalotoka mbele, kumwonya kwamba trafiki yupo, katika barabara ya Morogoro analijua hilo. Mguu unatoka wenyewe kwenye mafuta, na trafiki akishapitwa unarudi. Huko Marekani, miji ya Hartford na Syracuse ilipoendesha misako mikali iliyotangazwa, mwaka 2010 na 2011, walioshika simu walipungua Hartford kutoka asilimia 6.6 hadi 2.9, na Syracuse kutoka 3.7 hadi 2.5. New South Wales, Australia, imekwenda mbali zaidi: tangu Machi 2020, kamera zinazochungulia ndani ya gari kutoka juu zinatoza faini. Kamera huyaona hata mapaja.

Juzi bodaboda wangu alikuwa amechomeka simu ndani ya helmeti, anabishana na mtu kuhusu pesa ya tairi. Nilipomgusa bega aikate, alinyanyua vidole kutoka kwenye usukani kunionyesha.

“Mzee wangu, mbona sijaishika?”