Mwanzi Hautoi Machozi



Siku hizi mwanzi unasifiwa kila mahali. Wenye viwanda wanausaga au kuutoa nyuzi, wanauchanganya na plastiki au gundi, wanaukandamiza kwa joto, na kutoa mbao za sakafu, vikombe na hata vipande vya ndani ya magari. Kama kazi hiyo itatufikia, tujue mapema tunashika nini.

Mwanzi ni jamii ya nyasi, si mti. Ukikaushwa, karibu nusu yake ni selulosi, ile ile iliyomo katika pamba na katani, na ndiyo inayotia uzi nguvu. Robo hivi ni lignini, inayoshikamanisha nyuzi kama saruji inavyoshika kokoto. Sehemu kubwa ya kinachobaki ni hemiselulosi, nayo hupenda kunywa maji. Ganda la nje lina silika, ndiyo maana msumeno huwa butu upesi.

Uzi wake ni imara, na ni mwepesi kuliko uzi wa kioo. Ubaya wake ni kwamba unapenda maji na plastiki inayakataa, basi haviungani vizuri. Kwa hiyo nyuzi huloweshwa katika soda kostiki, ile ya kutengenezea sabuni, na soda hiyo huunguza ngozi na kupofua macho. Tena uzi huanza kuharibika joto likipita digrii 200 hivi, kwa hiyo huchaguliwa plastiki inayoyeyuka mapema, kama polipropilini. Wazee wa mashamba ya katani watacheka: ndiyo plastiki iliyofukuza kamba zetu sokoni, wakati Tanzania mwaka 1964 ilitoa zaidi ya tani 200,000 za katani. Leo plastiki yenyewe inatafuta uzi wa shambani.

Lakini hatari kubwa imo katika gundi. Nyingi hutengenezwa kwa fomaldehaidi. Mwaka 2004 wataalamu wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, huko Lyon, Ufaransa, waliamua kwamba fomaldehaidi huleta saratani kwa binadamu. Mwaka 2021 nchi za Umoja wa Ulaya zilianza kuvisaka vikombe vilivyoitwa vya mwanzi, kumbe ni plastiki ya melamini iliyotiwa unga wa mwanzi; kinywaji cha moto huitoa fomaldehaidi humo. Mnywaji wa Ulaya amelindwa. Je, yule anayesimama mbele ya mashine saa nane kila siku?

Tulifika katika kiwanda kimoja cha mbao za kubandika. Wenzetu wa kwenye mashine ya kukandamiza walikuwa wakifuta macho, na msimamizi akatuambia ni harufu ya mwanzi tu. Mwanzi hautoi machozi. Tulidai tuandikiwe jina la gundi na vilivyomo, glavu kwa wanaoshika soda, maji ya kunawia macho karibu nao, na feni ya kuvuta hewa nje. Jina la gundi tulilipata baada ya barua tatu. Feni ilifungwa mwezi wa nne. Maji ya kunawia bado tunayadai.