Joto la Chuma na Joto la Hewa

Rangi ya unga, inayopakwa kwenye fremu za madirisha ya alumini, majokofu na ringi za magari, haina kiyeyushi chochote: ni chembe kavu za plastiki na rangi, nyingi zikiwa na upana wa mikromita 30 hadi 50, zinazopulizwa zikiwa na chaji ya umeme ili zishike kwenye chuma kilichounganishwa na ardhi. Ndani ya tanuri unga huo huyeyuka na kutandaa, kisha molekuli zake hufungamana zisiweze kuyeyuka tena. Kwa unga mwingi wa poliesta, ufungamano huo huhitaji nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi kwa dakika 10 hadi 20, nazo dakika hizo huhesabiwa tangu chuma chenyewe kifikie joto hilo, jambo ambalo kipimajoto cha ukutani, kinachosoma hewa tu, hakiwezi kulionyesha.

Tanuri nyingi hutumia hewa ya moto inayozungushwa na feni, na kwa kuwa hewa hutoa joto lake polepole, bati la milimita 1 na pande la milimita 10 la chuma kilekile hayapati moto kwa pamoja. Pande huhitaji takriban mara kumi ya muda wa bati. Anayeyatoa kwa wakati mmoja ama huacha rangi isiyoiva, inayopasuka ikigongwa, ama huunguza nyeupe ikawa ya manjano. Feni ikiongezwa kasi husaidia, ila unga ambao haujayeyuka unaweza kupeperushwa.

Kuhusu nishati ya kupasha hewa ya tanuri, gesi asilia, ambayo sehemu yake kubwa ni methani, huungua bila masizi mengi, hivyo hewa ya mwako wake huweza kuingizwa tanurini moja kwa moja. Moto wa dizeli hufaa kutengwa na hewa ya tanuri kwa kibadilisha joto, na sehemu ya nishati hupotelea kwenye dohani. Umeme hauhitaji dohani ya mwako, ingawa bili yake huumiza.

Mionzi ya infraredi hupasha uso bila kungojea hewa, lakini husafiri kwa mstari ulionyooka na kuacha pembe za ndani zikiwa baridi. Kwa hiyo mpangilio wenye busara zaidi ni kuiweka mlangoni, iyeyushe unga upesi ushike, kisha hewa ya moto imalizie kazi hata penye kivuli. Hata hapo, ratiba huthibitishwa kwa vihisi vilivyofungwa kwenye kipande kinene na kwenye chembamba, vinavyopita tanurini pamoja navyo vikirekodi joto.