Herufi mbili zafichua ndege ilikoundwa

Ndege za mizigo aina ya C-46, zilizoundwa na kampuni ya Curtiss-Wright wakati wa Vita Vikuu vya Pili, zafanana kama mapacha. Mtu akitaka kujua ilikotoka asihangaike na mabawa. Atazame herufi za mwisho za jina la kijeshi, lililoandikwa ubavuni, upande wa kushoto. CU ni Buffalo, CK ni Louisville, jimboni Kentucky.

Kiwanda cha Louisville kilinunuliwa na International Harvester mwaka 1946, kikaanza kutoa matrekta. Kile cha Columbus, kilichounda Helldiver za kivita, hakikuacha ndege: humo baadaye ilitoka Bronco, ndege nyepesi ya upelelezi iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1965.